Dripu na sindano za mifupa baada ya saratani ya matiti: ziendelee miaka mingapi?

Mfamasia_Upanga

Wakuu, nafungua uzi huu kwa sababu swali lenyewe linaulizwa sana na majibu yake yanapishana. Mama amemaliza upasuaji, kemo na mionzi, yuko kwenye vidonge vya homoni, na kila baada ya miezi kadhaa anatundikiwa dripu ya mifupa au anachomwa sindano ya chini ya ngozi. Mwaka wa pili unakwisha, wa tatu unaingia, msindikizaji anauliza: hii ni hadi lini?

Jibu la "miaka mitano" linalosambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp ni sahihi kwa baadhi tu. Kabla ya kuhesabu miaka, jueni dawa iliandikwa kwa kazi gani. Kazi ni tatu, na kila moja ina saa yake.

Ya kwanza ni kupunguza uwezekano wa saratani kurudi, hasa kurudia mfupani, kwa mwanamke ambaye hedhi imekoma na saratani haijasambaa. Kazi hii ina mwanzo na mwisho, kati ya miaka 2 na 5.

Ya pili ni kuulinda mfupa wenyewe. Vidonge vya homoni vya letrozoli, anastrozoli na eksemestani hushusha estrojeni hadi karibu na sifuri, na mfupa wa mwanamke unaitegemea estrojeni. Ikishuka hivyo, seli zinazobomoa mfupa huzishinda zile zinazojenga, na baada ya muda uti wa mgongo, nyonga na kifundo cha mkono huvunjika kwa kuanguka kidogo tu. Hapa muda unaamuliwa na kipimo cha mfupa na miaka iliyobaki ya vidonge.

Ya tatu ni ya mgonjwa ambaye saratani imeshaingia mfupani. Dawa inazuia mfupa usivunjike na inapunguza maumivu. Haina tarehe ya kumaliza inayopangwa mapema.

Mtu mmoja anaweza kuwa na kazi ya kwanza na ya pili kwa pamoja, na hapo ndipo kliniki mbili zinapotoa majibu tofauti bila yeyote kukosea.

Kisha someni kichupa. Zometa ni zoledroniki miligramu 4, Aclasta ni zoledroniki hiyohiyo miligramu 5. Prolia ni denosumabu miligramu 60, Xgeva ni denosumabu miligramu 120. Jeneriki zina majina yake mengine, kwa hiyo tazameni jina la dawa lenyewe na miligramu. Mgonjwa anayesema "nachomwa ya mifupa" bila kujua kama ni zoledroniki au denosumabu hawezi kushauriwa kuacha, kwa sababu hizi mbili zinaachwa kwa namna tofauti kabisa.

Binti_Mbagala

Asante sana mkuu. Mama yangu ana miaka 63, letrozoli mwaka wa tatu. Ametundikiwa zoledroniki miligramu 4 kila miezi sita, sasa zimefika sita. Tezi mbili za kwapani zilikutwa na saratani wakati wa upasuaji. Kliniki wamesema tutaongea safari ijayo. Je, zinatosha?

Sista_Kemo

Shikamoo kwa mama, Binti. Nianze na ushahidi wenyewe.

Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha majaribio ya dawa za kundi la bisfosfoneti, ambalo zoledroniki imo, kwa wanawake 18,766 wenye saratani ya matiti ya mapema. Kwa waliokoma hedhi, saratani kurudia mfupani ndani ya miaka 10 ilishuka kutoka asilimia 8.8 hadi 6.6, na vifo vya saratani ya matiti kutoka asilimia 18.0 hadi 14.7. Kwa ambao hedhi ilikuwa bado ipo, faida hiyo haikuonekana. Ni faida ya kweli, ila ni ya pointi chache kwa mia, na ndiyo maana lazima ipimwe na madhara badala ya kuendelezwa tu kwa mazoea.

Mwongozo wa ASCO, chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, wa 2017 uliweka zoledroniki miligramu 4 kila miezi 6 kwa miaka 3 hadi 5. Ulipohuishwa 2022 ukakubali pia kila miezi 3 kwa miaka 2. Hesabu ya dripu ni hii: miaka mitatu ni dripu 6, miaka mitano ni 10, na ratiba ya miezi mitatu kwa miaka miwili ni 8.

Jaribio la Ujerumani liitwalo SUCCESS A, lililochapishwa 2021, lililinganisha miaka 2 na miaka 5 kwa wagonjwa waliokuwa wamepata kemo. Waliokwenda miaka 5 hawakuishi bila ugonjwa kwa muda mrefu zaidi ya waliosimama miaka 2, na madhara kwao yalikuwa mengi zaidi. Lakini kundi la miaka 2 lilipata dripu kila miezi 3, yaani nane, kwa hiyo usilichukue jaribio hilo kumwachisha mtu aliyepata nne tu kwa ratiba ya miezi sita.

Kwa mama yako dripu sita zimefikisha kiwango cha chini cha mwongozo, kwa hiyo kuacha leo hakutakuwa kuvunja tiba katikati. Kuendelea hadi kumi kunategemea uzito wa ugonjwa wa mwanzo, hali ya figo, meno, na kipimo cha DEXA (picha inayopima uzito wa mfupa). Kupita miaka mitano kwa lengo la kuzuia saratani isirudi hakuna ushahidi unaokuunga mkono.

Jambo moja linalowatesa wengi: aliyechelewa dripu ya zoledroniki miezi miwili kwa kukosa nauli au dawa kuisha haanzi upya. Anapata inayofuata na kuhesabu miezi sita kuanzia hapo. Dawa hii hukaa ndani ya mfupa kwa miaka.

Kaka_Ubungo

Je, kwa wasichana? Mdogo wangu ana miaka 38, hedhi ilikatika wakati wa kemo. Naye anahitaji dripu hizi?

Sista_Kemo

Kaka Ubungo, hedhi kukatika kwa sababu ya kemo hakumaanishi imekoma. Kwa umri wa miaka 38 ovari zinaweza kuamka baada ya miezi kadhaa au hata zaidi ya mwaka, na ikiwa hivyo anahesabiwa kuwa bado ana hedhi. Faida ya kuzuia saratani isirudi inaingia pale ovari zinapozimwa kwa makusudi, kwa sindano ya gosereleni ya kila siku 28 au kwa kuziondoa. Jaribio la Austria, ABCSG-12, liliwapa wanawake wa aina hiyo zoledroniki miligramu 4 kila miezi 6 kwa miaka 3 pamoja na gosereleni, na matokeo yalikuwa mazuri.

Akiwa amezimwa ovari na anameza letrozoli au eksemestani, mfupa wake unapungua haraka kuliko wa mama wa miaka 63, kwa sababu ameshuka kutoka juu kwa ghafla. Apimwe DEXA mwanzoni kabisa, asingoje dalili. Kama yuko kwenye tamoksifeni peke yake na hedhi ipo, dripu haina kazi ya kwanza wala mara nyingi ya pili. Na kama anataka mtoto baadaye, alitaje hilo kabla ya dripu ya kwanza, kwa sababu dawa iliyolala mfupani haitoki kwa kuacha kutundikiwa.

Mume_Tegeta

Habari wakuu. Mke wangu anatumia Prolia kila miezi sita, ameshachomwa tano. Dawa haikupatikana, sasa ni mwezi wa nane tangu ya mwisho. Anasema anajisikia vizuri tu, kwa hiyo tunaona tusubiri kliniki ya mwezi ujao.

Dkt_Mifupa

Mkuu, msisubiri. Mpeleke wiki hii.

Denosumabu haikai mfupani. Inazuia ishara inayoamsha seli za kubomoa mfupa, na wakati wote wa kuzuiwa seli changa za kazi hiyo zinazidi kujikusanya. Dozi ikiisha nguvu, baada ya miezi sita hivi, zinaamka zote kwa mkupuo. Uzito wa mfupa uliojengwa kwa miaka unaweza kupotea ndani ya mwaka mmoja au miwili, na pingili za uti wa mgongo huweza kuvunjika kadhaa kwa wakati mmoja bila hata kuanguka. Mivunjiko ya namna hii imeonekana kuanzia mwezi wa saba baada ya sindano ya mwisho. Kadiri mtu alivyoitumia kwa muda mrefu, hasa akipita miaka miwili na nusu, ndivyo mrejeo unavyokuwa mkali. Sindano tano za mke wako ni sawa na miaka hiyo hiyo.

Kwa hiyo denosumabu haiachwi hivi hivi. Anayetaka kuimaliza hupewa bisfosfoneti ya kuushikilia mfupa: zoledroniki miligramu 5 karibu miezi sita baada ya sindano ya mwisho, au alendroneti miligramu 70 kila wiki kwa mwaka mmoja hadi miwili. Dripu ikitundikwa mapema mno, mwezi wa pili au wa tatu, haipati mahali pa kushika, kwa sababu mfupa bado umelala. Baada ya dripu hiyo, vipimo vya damu vya kubomoka kwa mfupa mwezi wa tatu na wa sita huonyesha kama inahitajika nyingine. Ikiwezekana, ni bora asiache denosumabu hadi letrozoli nayo iishe, maana kuacha denosumabu huku letrozoli ikiendelea ni kuupiga mfupa kutoka pande mbili.

Kama Prolia haipatikani wiki hii, muulizeni daktari kuhusu dripu ya zoledroniki badala yake baada ya kupima figo. Akiwa na maumivu mapya ya mgongo, hata kama yanavumilika, apigwe eksirei ya uti wa mgongo kabla ya kukandwa au kuchuliwa na mtu yeyote.

Kuhusu kuinunua mbali na kliniki: sindano hii hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, haigandishwi na haitikiswi. Kutoka Kariakoo hadi Tegeta kwa daladala mchana, bila boksi la barafu, si salama kwa dawa. Kifungeni kisanduku kwa kitambaa kisigusane na barafu moja kwa moja. Nunueni siku ileile ya kuchomwa, na kama mna muda, ombeni duka liipeleke lenyewe kituoni.

Mume_Tegeta

Asante daktari. Kesho asubuhi tunakwenda.

Mfamasia_Upanga

Nirudi kwenye siku ya dripu yenyewe, kwa sababu kinachowafanya wengi waache mapema ni mambo ambayo yangezuilika.

Kreatinini, yaani kipimo cha damu cha figo, ipimwe kabla ya kila dripu. Ya miezi sita iliyopita haitoshi. Namba ya maabara peke yake hudanganya kwa mama mwembamba mwenye umri, hivyo piga hesabu: 140 toa umri, zidisha kwa kilo, zidisha kwa 1.04, gawanya kwa kreatinini ya mikromoli kwa lita. Mfano, miaka 63, kilo 58, kreatinini 95: 77 × 58 × 1.04 ÷ 95 ni takribani 49. Maabara ya hospitali nyingi itaiona 95 kama ya kawaida au iliyopanda kidogo, kumbe figo inafanya kazi nusu. Kwa kichupa cha miligramu 4 dozi inafuata jibu la hesabu hiyo: zaidi ya 60, miligramu 4 kamili; 50 hadi 60, miligramu 3.5 (mililita 4.4 za kichupa cha mililita 5); 40 hadi 49, miligramu 3.3 (mililita 4.1); 30 hadi 39, miligramu 3.0 (mililita 3.8); chini ya 30, isitundikwe. Kwa Aclasta mpaka ni 35.

Dawa huchanganywa kwenye mililita 100 za maji ya chumvi au ya glukosi ya asilimia 5. Isichanganywe na maji ya dripu ya Ringa, kwa sababu ina kalsiamu. Ipite kwa dakika 15 au zaidi. Kuikimbiza ili foleni ipungue ndiko kunakoumiza figo, na mgonjwa ana haki ya kutazama saa. Mgonjwa aje amekunywa maji ya kutosha asubuhi hiyo. Diklofenaki na ibuprofeni za duka la mtaani zisimamishwe siku kadhaa kabla na baada, na kama anatapika au anaharisha, dripu iahirishwe.

Baada ya dripu ya kwanza wengi hupata homa, baridi na maumivu ya misuli na viungo ndani ya siku tatu. Parasetamoli gramu 1, tena baada ya saa sita ikihitajika, isizidi gramu 4 kwa siku, na kwa mwenye uzito mdogo au ini dhaifu iwe chini ya hapo. Dripu za baadaye homa huwa ndogo au haipo kabisa. Ila tuko Dar. Homa siku ya pili baada ya dripu isiandikwe moja kwa moja kuwa ni ya dawa: apimwe malaria kwa kipimo cha haraka. Na aliye bado kwenye kemo, nyuzi 38 ni dharura, aende hospitali usiku huohuo.

Jicho likiwa jekundu, linauma na linachukia mwanga siku chache baadaye, ni la daktari wa macho, msitie matone ya kujinunulia.

Meno_Kinondoni

Naomba kuongezea la kinywa kwa sababu linachelewa sana kutajwa. Dawa hizi zote mbili, zoledroniki na denosumabu, zinaweza kusababisha sehemu ya mfupa wa taya ife na kubaki wazi bila kufunikwa na fizi. Kwa dozi za kila miezi sita ni nadra, chini ya mgonjwa mmoja kwa mia. Kwa dozi za kila mwezi za wenye saratani mfupani ni zaidi ya hapo, na huongezeka kadiri miaka inavyokwenda. Hii ni sababu mojawapo ya kutorefusha tiba bila hoja.

Kinachoanzisha shida mara nyingi ni kung'oa jino. Kwa hiyo utaratibu ni kuanza na meno: kinywa kikaguliwe kabla ya dripu ya kwanza, jino lisilookoka ling'olewe, kisha kusubiri wiki mbili hadi tatu, fizi ifunike tundu lote, ndipo dripu. Akiwa ameshaanza dawa na jino linauma, tiba ya mzizi ni salama kuliko kung'oa. Kusafisha na kuziba meno hakuna tatizo. Meno ya bandia yanayosugua yarekebishwe, maana kidonda kidogo cha msuguano kinatosha kuanzisha.

Akilazimika kung'oa, mwambieni daktari wa meno jina la dawa na tarehe ya mwisho. Kwa zoledroniki kusogeza dripu inayofuata hakuna hasara kubwa. Kwa denosumabu, kama alivyosema Dkt hapo juu, kuchelewesha kuna hatari yake, hivyo jino lipangwe katikati ya sindano mbili na mwezi wa saba usipitwe.

Mfupa unaoonekana kinywani zaidi ya wiki nane, ganzi ya mdomo wa chini, jino linalolegea bila sababu au usaha unaorudi: hayo yafike kwa wataalamu wa kinywa na taya, Muhimbili kwa mfano, na mtu asikwangue kwa kuubahatisha.

Dkt_Mifupa

Kuna la paja pia. Bisfosfoneti zikitumika kwa miaka mingi zinaweza kuleta mpasuko usio wa kawaida kwenye mfupa wa paja. Ni nadra na unaongezeka kadiri miaka inavyokwenda, kisha hatari inashuka haraka baada ya kuacha. Dalili ni maumivu mazito ya paja au kinena, wiki hadi miezi kabla ya mfupa kukatika. Kwa mtu aliyewahi kuwa na saratani, maumivu hayohayo yanaweza kuwa ya saratani mfupani. Kwa vyovyote vile kinachotakiwa ni eksirei ya mapaja yote mawili, kuanzia nyonga hadi goti, kwa sababu mguu wa pili unaweza kuwa na ufa usiouma bado. Eksirei ya nyonga pekee huukosa ufa ulio katikati ya paja. Wakati wa kusubiri, atembelee magongo na asipande bodaboda.

Picha_na_Mionzi

DEXA. Ulizeni kwanza kwa simu mashine inafanya kazi na bei yake, maana si kila hospitali kubwa ya Dar inayo. Wapimwe uti wa mgongo wa kiunoni na nyonga. Kipimo cha kisigino cha kwenye kambi za bure hakitoshi kuamua kuanza wala kuacha tiba.

T-score ni namba inayolinganisha mfupa wa mgonjwa na wa kijana mwenye afya: -1 kwenda juu ni kawaida, kati ya -1 na -2.5 mfupa umepungua, -2.5 kushuka chini ni osteoporosisi. Rudieni kwenye mashine ileile, kwa kuwa mashine mbili hutofautiana, na mje na majibu ya zamani yenye gramu kwa sentimita ya mraba. T-score peke yake hailinganishwi vizuri. Badiliko dogo la asilimia moja au mbili linaweza kuwa la kipimo tu. Kwa wazee, pingili zenye miiba ya uzee au iliyovunjika hutoa namba nzuri kuliko ukweli, na hapo nyonga ndiyo ya kuamini. Katikati ya tiba, mwaka mmoja hadi miwili kati ya vipimo unatosha.

Kuna kipimo ambacho ni bure: urefu. Mpimeni bila viatu kila mwaka. Akipungua sentimita 2 au zaidi kutoka kipimo chenu cha mwanzo, aombewe eksirei ya uti wa mgongo hata kama haumwi.

Dada_Temeke

Naomba kuuliza kuhusu vidonge vya kalsiamu. Na kwa anayetumia ARV kuna shida?

Mfamasia_Upanga

Swali muhimu sana dada. Lengo ni kalsiamu miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku, chakula na vidonge kwa pamoja, na vitamini D yuniti 800 hadi 1,000. Glasi ya maziwa au mtindi ya mililita 250 ina takribani miligramu 300, na dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao ni msaada mkubwa. Kidonge kilichoandikwa kalsiamu kaboneti miligramu 1,250 kina kalsiamu yenyewe 500, hiyo ndiyo ya kuhesabu. Kimezwe na chakula, kimoja kwa wakati, maana mwili haunyonyi zaidi ya 500 au 600 kwa mara moja.

Mwenye upungufu mkubwa wa vitamini D arekebishwe kabla ya dripu au sindano. Vinginevyo kalsiamu ya damu inaweza kushuka: ganzi kuzunguka mdomo na vidoleni, misuli kukaza. Akihisi hivyo siku chache baada ya dawa, aende akapimwe kalsiamu, asingoje.

Kwa ARV, dolutegraviri, iliyomo kwenye TLD (kidonge kimoja chenye ARV tatu), hushikwa na kalsiamu na chuma tumboni ikakosa kunyonywa. Meza TLD saa 2 kabla ya kalsiamu au saa 6 baada yake, au vyote pamoja na mlo. Na tenofoviri iliyomo ndani ya TLD inaweza kupunguza mfupa na kugusa figo. Kliniki ya saratani na ya ARV zinatakiwa zijue, kwa sababu dripu inapita kwenye figo hizohizo. Msiache ARV kwa sababu hiyo, ombeni tu figo zipimwe mara kwa mara.

Kaka_Ubungo

Na yule ambaye imeshafika mfupani, anaendelea maisha yote?

Sista_Kemo

Huyo anaendelea kwa muda mrefu, lakini si lazima kila mwezi. Majaribio yalionyesha zoledroniki miligramu 4 kila wiki 12 inakinga mivunjiko sawa na ya kila wiki 4, ikiwa na safari chache za hospitali. Denosumabu yake ni miligramu 120 kila wiki 4. Baada ya miaka miwili hali iangaliwe upya kila mara: ugonjwa umetulia, figo zinashuka, taya liko salama, mgonjwa bado anafaidika. Kusitisha kwa muda au kupanua nafasi ni uamuzi halali, na akiwa amechoka sana, hatembei, kipaumbele ni maumivu yake, kwa hiyo mionzi ya siku moja kwenye mfupa unaouma inaweza kumsaidia zaidi.

Miguu kulegea ghafla, ganzi ya makalio, au kushindwa kukojoa ni dharura ya uti wa mgongo. Aende saa hiyohiyo.

Binti_Mbagala

Nimerudi wakuu. DEXA ya mama: uti wa mgongo -1.9, nyonga -1.6. Hajawahi kuvunjika. Kilo 60, kreatinini 84. Letrozoli imebaki miaka miwili, labda itaongezwa. Meno yake yamekaguliwa, yako sawa. Wengine wanasema abadilishiwe alendroneti.

Mfamasia_Upanga

Hesabu yake ni 77 × 60 × 1.04 ÷ 84, takribani 57. Kama bado anapewa miligramu 4 kamili, muulize daktari kuhusu 3.5. Mimi naona akisimama kwenye sita si kosa, arudie DEXA baada ya mwaka mmoja hadi miwili akiwa bado kwenye letrozoli, na ikishuka kufikia -2.5 au akivunjika aanze tena.

Alendroneti ni nzuri kwa mfupa, ila mwongozo wa kuzuia saratani isirudi haukuipendekeza. Akiipewa, ni kidonge cha miligramu 70 mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji matupu. Chai au maziwa huiharibu. Kisha akae wima au atembee dakika 30. Anayelala baada ya kuimeza huunguza koo la chakula, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya wengi kuiacha kimya kimya huku faili likisema wanaitumia. Baada ya miaka mitano, aliye na hatari ndogo hupumzishwa.

Sista_Kemo

Mkuu, hapa natofautiana nawe kidogo. Tezi mbili zilikuwa na saratani, letrozoli bado ipo, meno mazima, na mfupa uko upande wa chini. Ningemshauri aende hadi dripu kumi kwa dozi ya 3.5, kreatinini kila safari, na hesabu ya figo ikishuka chini ya 40 mjadala ufunguliwe upya. Kama tezi zingekuwa safi na T-score juu ya -1, ningekubaliana nawe bila kusita.

Mfamasia_Upanga

Sawa, naikubali hoja ya tezi. Binti, nenda na majibu ya upasuaji yenye idadi ya tezi, DEXA yote pamoja na picha zake, kreatinini mpya, na tarehe za dripu zote sita na miligramu zake. Kama kadi ina tarehe tu, waombe wa chumba cha dawa waangalie rejista yao. Muulize daktari maswali mawili: dripu hizi ni kwa kazi gani, na akisimama leo, kipimo kinachofuata ni tarehe gani. Aandike majibu yote mawili kwenye faili kabla hamjatoka.

Binti_Mbagala

Nimeandika yote. Kliniki ni Jumanne, nitaleta walichoamua hapahapa.